Shahidi wa Leila

Kwa miaka mingi Zuena alilitoa neno hilo bure, kama mtu anayegawa tende msibani. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale msikitini mjini Kitale. Kila alipomaliza kumkafini mtu alitoka nje na maji bado mikononi, akamtafuta mama wa marehemu, akamwambia lile la kuambiwa. Aliyeungua na moto, shahidi. Aliyezama mtoni, shahidi. Aliyeangukiwa na ukuta, shahidi. Na mwanamke aliyekufa na uzazi, huyo hata haulizwi, ni shahidi na pepo inamngoja. Kina mama walilisikia, wakatulia kidogo, na Zuena akarudi kwenye kibanda chake cha madera na leso akijiona amemaliza kazi yote, ya mikono na ya mdomo.

Halafu ikafika zamu yake.

Maalim Daud aliinama mbele yake uani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Leila, usilie sana. Mwanao ni shahidi." Zuena akatikisa kichwa, kama walivyokuwa wakitikisa wenzake. Ndani yake hakikutulia kitu. Kumbe wale kina mama walikuwa wakimwonea haya tu, wakinyamaza ili aende zake.

Wenzake walimkataza kumwosha mwanawe mwenyewe, naye akawasukuma kando. Alikijua kifungu chote: shahidi wa vitani haoshwi, huzikwa na damu yake iwe ushahidi wake siku ya kiyama, shahidi wa uzazi huoshwa na kukafiniwa kama watu wengine. Basi akamwosha Leila, na damu ilikuwa nyingi, nyingi kuliko aliyowahi kuiona kwa mzazi yeyote. Aliiosha yote ikaisha, akamwaga maji ya karafuu maiti, akamfunga mwanawe vizuri. Wiki kadhaa baadaye ndipo alipopata akili ya kuona alichokifanya: kitu pekee ambacho angeweza kumwonyesha mtu, amekimwaga mwenyewe shimoni kwa mikono yake miwili.

Maana kulikuwa na jambo la kuonyesha.

Leila alikuwa ameolewa Bungoma, kwa Hamid, mtoto wa Mzee Abdinasir mwenye duka la misumari na mabati. Mimba ilipokomaa alikuja Kitale kwa mama yake, maana mzazi wa kwanza hujifungulia kwao, na hilo halikuwa na ubishi upande wowote. Uchungu ulimshika baada ya adhuhuri. Zuena hakungoja hata chungu kishuke mekoni. Adhana ya alasiri ilimkuta ameshamfikisha Leila langoni mwa nyumba ya uzazi, ile ya kulipia, tena Leila akitembea kwa miguu yake na kumcheka mama yake aliyekuwa amevaa ndara mbili zisizofanana. Jamaa wa wagonjwa hawaruhusiwi kuingia. Zuena akabaki kwenye benchi nje ya geti. Jua likazama, na mtu akatoka kumwambia mtoto ni wa kike na mzima, lakini mama yake amezidiwa. Baadaye akatoka mwingine, na huyo akamfungulia geti aingie.

Hamid alifika kutoka Bungoma akihema. Kabla hajamwona mkewe, matroni alimshika mkono pale mlangoni. "Pole sana. Tulijaribu. Lakini mama mkwe wako alikaa na yeye nyumbani, akimpa dawa za miti. Aliletwa hapa kama ameshaisha."

Hamid akageuka, akamtazama Zuena. Tangu hapo lile jicho lake halikubadilika tena. Mtoto, ambaye baadaye alipewa jina la Hibo kwa sababu Leila mwenyewe alikuwa amelichagua, alikwenda Bungoma siku ileile ya maziko. Zuena alipokwenda kumwona mara ya kwanza aliambiwa amelala. Mara ya pili aliambiwa ana mafua. Mara ya tatu mke wa Abdinasir alifungua mlango nusu, akasema kwa upole unaochoma, "Mama Leila, tusameheane. Kwa huyu mmoja hatutaki kujaribu bahati."

Basi hilo ndilo lililomnyima Zuena usingizi. Kifo alikuwa akikijua, kazi yake ilikuwa kifo. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba mjukuu wake angekua akiambiwa nyanya yako ndiye aliyemuua mama yako. Alitaka mtu mmoja tu aseme mbele ya watu: mama huyu alimleta mwanawe mapema.

Alikwenda kwa wakubwa wa afya na malalamiko yake. Wakampokea vizuri, wakampa kiti. Bwana mmoja kijana, shati lake limepigwa pasi mpaka linameta, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, uko na shahidi?"

"Mwanangu ni shahidi," Zuena akasema. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

Yule bwana akashika kalamu, moyo umempanda. "Sawa. Anaitwa nani? Anaweza kuja hapa lini?"

"Si amekufa."

Yule bwana aliiweka kalamu chini polepole. Hakucheka, na Zuena alimshukuru kwa hilo. "Pole, mama. Mimi nataka shahidi mwenye anaongea. Mwenye alikuwa ndani akaona. Bila huyo, sisi tutaenda na yale hospitali imesema."

"Mlinzi wa geti alituona tukiingia."

"Tulimtafuta. Ati aliacha kazi akaenda kwao."

Mwenye kuongea alikuwapo, na Zuena alimjua. Katika chumba alichojifungulia Leila vitanda vilikuwa viwili. Katika cha pili alilazwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Roselyne, Mbukusu wa Bungoma ambaye mumewe alifanya kazi Kitale. Siku alipotoka, mtoto kifuani, Roselyne alimkuta Zuena bado anazungukazunguka pale nje kama aliyepoteza funguo. Akamshika mkono, akalia, akasema, "Pole, mama. Niliona." Akaingia kwenye gari. Niliona, basi, hakuongeza. Zuena alilibeba neno hilo nyumbani akalitunza. Namba ya simu aliipata kwa watu. Roselyne alipokea mara ya kwanza, akasikia ni nani, mtandao ukakatika. Tangu hapo mtandao wa Roselyne ukawa mbaya sana.

Hapo ndipo alipoingia Nangila. Huyu alikuwa mteja wa madera, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika sokoni kote, mtu asiyeweza kununua kitu bila kuacha habari. Alikuwa akijipima dera la maua ya njano, ulimi wake ukigeuza l kuwa r kama kawaida yake.

"Mama Reira, si unajua yure mwarimu, Roselyne, mwenye mrikuwa na yeye hospitari? Jumapiri anatoa ushuhuda kwa kanisa retu huko Bungoma. Ati anaereza vire Mungu arimtoa kwa kifo. Pasta ametangaza wiki mbiri."

Zuena aliachia kipimo. "Anatoa nini?"

"Ushuhuda, bana. Anaereza kira kitu. Mbere ya watu wote."

Zuena akasikia ushahidi. Na nani wa kumlaumu? Mzizi wa neno ni mmoja, ni herufi chache tu zimepishana mkiani, na tangu azaliwe hakuwahi kuwa na haja ya kujua kwamba watu wa kanisa hilo wanalo la kwao. Aliona mwalimu amesimama, watu wamekaa, kila kitu kinaelezwa. Alimpa Nangila dera lile kwa bei ambayo hakuwahi kumpa mtu.

Jioni akampigia Hamid. "Baba, njoo Jumapili. Yule mwalimu atasema yote. Njoo usikie kwa masikio yako."

"Atasemea wapi?"

"Kanisani. Huko huko kwenu Bungoma."

"Mama, mimi siingii kanisa kutafuta habari ya mke wangu. Leila ni shahidi. Mwache alale."

Neno lilelile! Alilokuwa akifunga nalo midomo ya wenzake, leo unafungwa nalo wa kwake.

Jumapili wakapita Kiminini na Kamukuywa na Webuye, Nangila akiongea njia nzima, Zuena akipanga maneno kichwani. Kanisa lilikuwa jengo la mabati, viti vya plastiki, spika mbili kubwa zenye nguvu za kuamsha mji. Zuena alikaa nyuma kabisa na baibui lake jeusi, na watu waligeuka kumtazama wakitabasamu, tabasamu la mtu aliyeona mgeni wake wa siku nyingi akikaribia mlangoni. Wahudumu wawili walikuja kumpa mkono. Mmoja alimletea soda. Alidhani hawa watu ni wakarimu tu.

Pasta Eliakim alikuwa mtu mrefu mwenye kitambaa cha kufutia jasho, na siku hiyo, amini usiamini, alihubiri juu ya neno lenyewe.

"Watu wa Mungu! Shahidi ni nani? Ukiuliza leo, utaambiwa ni mtu amekufa kwa ajili ya imani. Si ndiyo? Lakini Wakristo wale wa kwanza walikuwa wanaongea Kigiriki, na kwa Kigiriki chao shahidi alikuwa tu mtu wa kawaida. Ameona kitu. Ameitwa. Amesema. Basi! Kama vile wewe unaitwa kortini. Sasa, kwa sababu kila mwenye alisema alikuwa anauawa, huyu mawe, huyu moto, huyu simba, neno likabadilika. Likaanza kunuka kaburi. Lakini mwanzo halikuwa la kufa! Mwanzo lilikuwa la kusema! Ona, sema!"

"Ona, sema!" kanisa likaitika.

Zuena nusura apige takbiri. Kwa miezi yote hii hakuna maalim, hakuna ofisa, hakuna mkwe aliyesema jambo lenye maana kuliko hili, na limetoka kinywani mwa pasta wa mabati. Alimgusa Nangila goti. Nangila akamwambia, "Si nirikwambia?"

Ndipo Roselyne akaitwa mbele. Gauni la buluu, mtoto kwenye shali nyeupe, mumewe pembeni amesimama wima kama anapigwa picha. Hakumwona Zuena, kwa kuwa watu walikuwa wengi na nyuma kulikuwa na giza.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena! Wapendwa, mimi ni ushuhuda unatembea. Ile siku, pale wodi tulikuwa wawili. Muuguzi alikuwa mmoja, na wengi mnamjua, ni wifi yangu Fridah. Mwenzangu alikuwa amekuja mapema, alasiri hivi, akiwa na nguvu zake, anacheka. Akajifungua vizuri sana. Msichana. Akaniambia, huyu nitamwita Hibo."

Kwenye kiti cha nyuma Zuena aliziba mdomo kwa ushungi.

"Halafu akasema anasikia damu. Akaita, sista! Lakini Fridah alikuwa kwangu, kwa sababu mtoto wangu alikuwa amekataa kutoka, na mimi nilikuwa naenda. Akaita tena. Fridah akasema, ngoja. Wapendwa, aliita mpaka sauti yake ikaisha. Nilikuwa namwona. Kitanda ni hapa na hapa. Nikaomba, Bwana, usiniache! Na Bwana akamshikilia Fridah kwangu! Hakuondoka! Mtoto wangu alipolia, mwenzangu alikuwa amenyamaza. Tulikuwa wawili, na mimi ndiye nimesimama hapa leo!"

"Haleluya!" Ngoma zikalipuka, kinanda kikadaka, kanisa zima likasimama.

Kila kitu kilikuwa kimesemwa. Mapema, kimesemwa. Nguvu zake, kimesemwa. Alivyoita, alivyoambiwa ngoja, kimesemwa, tena kwa spika mbili, mbele ya watu mia na zaidi, na wote walikuwa wakipiga makofi. Kwao kilio cha Leila kilikuwa ni giza la nyuma tu, la kufanya taa ya Roselyne ing'ae. Zuena alisikia miguu yake ikisimama bila ruhusa.

"Huyo ni mwanangu!" akalia. "Huyo aliyeita ni mwanangu!"

Hakuna aliyesikia ila waliokuwa karibu, na wa karibu waliona tu mama wa Kiislamu amesimama kanisani akilia machozi. Mhudumu mmoja alimkimbilia, uso umemng'aa. Akamshika mkono. Zuena akadhani anapelekwa kwenda kusema, akaenda. Watu wakampisha. Akafika mbele, akasimama chini ya Pasta Eliakim, na mhudumu akamwinamia sikioni, "Mama, unataka nini? Sema usiogope."

"Nataka shahidi!"

"Anasema nini?" pasta akauliza.

"Anasema anataka... shahidi."

Pasta alifumba macho. Machozi ya kweli yalimtoka, maana hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amehubiri neno hilo asubuhi nzima. "Kanisa! Mama huyu ametoka Uislamu, amekuja mbele zetu, anasema anataka kuwa shahidi wa Yesu! Mpigieni Bwana makofi!"

Mikono ikamshukia kichwani, mingi, mizito, yenye joto. Zuena akasema hapana. Akasema mwanangu. Akasema mwalimu, waambie. Ngoma zilikuwa juu ya kila neno. Simu zilinyanyuliwa pande zote. Katikati ya viganja alimwona Roselyne, hatua chache tu kutoka alipo, na Roselyne alikuwa ameacha kuimba. Yeye peke yake katika jengo lile alijua kilichokuwa kikitokea. Alimtazama Zuena, akamtazama mumewe, kisha akainamisha uso juu ya mtoto wake na kuanza kumrekebishia shali.

Baada ya ibada walikutana nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji. Roselyne alikuja mwenyewe, na kwa hilo lazima asifiwe.

"Mwalimu," Zuena alisema, ushungi umempinda, "hayo uliyosema ndani, njoo uyaseme kwa wakubwa. Hayo hayo. Usiongeze, usipunguze."

"Mama, hiyo ilikuwa ushuhuda. Haikuwa ushahidi."

"Tofauti ni nini?"

Roselyne alifikiri kama mwalimu anayetafuta mfano kwa mtoto mzito, kisha akaacha. "Ushuhuda nasema vile Mungu alinifanyia mimi. Ushahidi nitakuwa nasema vile Fridah alimfanyia Leila."

"Simtaki Fridah. Sitaki afungwe. Sema tu nilimleta mapema."

"Wakiniuliza ya kuja, wataniuliza ya kuita. Mimi najua kuongea mbele ya darasa, mama, sijui kuongea nusu." Akaanza kulia. "Fridah ni dada ya mume wangu. Nitalala wapi? Na alikuwa mmoja. Unanielewa? Mikono miwili, vitanda viwili. Angekuja kwa Leila, huyu hapa hangekuwa. Mimi ndiye ningezikwa, na mama yangu ndiye angekuwa anazunguka vile wewe unazunguka. Unataka nisimame niseme alikosea kubaki kwangu?"

Zuena akamtazama mtoto. Mtoto wa Roselyne alikuwa amelala, ngumi imekunjwa chini ya kidevu, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kumtazama mtoto kama yule na kusema afadhali asingekuwapo. Alichukia kwamba hakuweza kumchukia.

"Lakini uliona," alisema mwisho.

"Niliona." Roselyne alimshika mkono kama siku ile. "Nitakuombea, mama."

Kwa kuwa alikuwa Bungoma, na kwa kuwa moyo ulikuwa bado unamdanganya, Zuena alimwacha Nangila na watu wake, akaenda kwa Mzee Abdinasir. Atawaambia yeye mwenyewe. Atawaambia kuna watu mia na zaidi waliosikia.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Abdinasir alikuwa sebuleni na kanzu yake ya kukaa nyumbani, Hamid kando yake, na simu ilikuwa mezani. Habari ilikuwa imeshafika. Katika kioo kile kidogo Zuena alijiona, ushungi umeteleza, mikono ya watu kichwani, na sauti ya pasta ikirudia: shahidi wa Yesu, shahidi wa Yesu.

"Nilikwenda kutafuta shahidi wa Leila," alisema.

"Nilikukataza," Hamid alisema. Sauti ilikuwa imemchoka.

Mzee Abdinasir aliinua mkono, akamnyamazisha mwanawe. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi cha haki aliyokuwa nayo. "Mama Leila, mimi sikuhukumu. Kilicho moyoni anakijua Mungu. Lakini video imezunguka mji mzima, na huyu mtoto ni wetu sote. Kumaliza maneno, toa shahada hapa, tusikie. Halafu umshike mjukuu wako."

Zuena alimkodolea macho. Shahada! Yeye aliyewatamkia wanawake wa Kitale neno hilo sikioni, pumzi yao ikiwa inakatika, wengine mpaka wakamaliza na neno likiwa kwenye ulimi. Alitaka kucheka, alitaka kuvunja kitu. Lakini chumba cha ndani mtoto alikohoa, kikohozi kidogo, na Zuena akasema sawa.

"Tuite mashahidi," Abdinasir akasema. "Wawili. Ili kesho mtu asije akauliza."

Na walipatikana! Miezi yote alitafuta mmoja akamkosa. Hawa wawili walifika kabla chai haijapoa, mwenye duka la jirani na mzee mmoja wa msikitini, wakakaa, wakarekebisha kofia zao, wakamtazama mdomoni.

Zuena alisimama katikati ya zulia. "Nashuhudia," alianza, akatua hapo, kwa sababu kumbe ndivyo neno lenyewe linavyoanza, maisha yake yote amekuwa akilisema bila kulisikia. "Nashuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu. Na nashuhudia kwamba Muhammad ni Mtume wake."

"Allahu akbar," wale mashahidi wakasema, wakaanza kujiinua.

"Na nashuhudia," Zuena akaendelea, "kwamba nilimfikisha mwanangu kabla ya alasiri. Nashuhudia kwamba aliingia kwa miguu yake. Nashuhudia kwamba aliita, na aliambiwa ngoja."

Wale wazee walitazamana. Mmoja alikohoa. "Hapo mwanzo panatosha, mama," alisema kwa upole. "Hayo mengine hayamo."

Waliaga, wakaenda. Mke wa Abdinasir alimtoa mtoto chumbani na kumweka Zuena mapajani, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Hibo alikuwa mzito kuliko alivyomdhania. Alikuwa na paji la uso la Leila, na pale juu ya sikio nywele zilikuwa zimesokotana vilevile. Zuena alimnusa shingoni.

Hamid alikuwa akimtazama. Kwa mara ya kwanza lile jicho lilikuwa limeyumba kidogo, na Zuena aliliona likiyumba.

"Hayo ya kuita," Hamid alisema polepole. "Ya kuambiwa ngoja. Kuna mtu alikuwa ndani, aliona, na atakuja hapa aniambie?"

Zuena alifikiria tangi la maji, na uso wa mwalimu ulioinama. Kisha alitazama chini, mapajani. Hibo alikuwa amekamata kidole chake, anakivutia mdomoni, macho yamemtoka. Alikuwamo mle chumbani. Alikuwa kando ya mama yake tangu mwito wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Yuko," Zuena alisema.

"Nani?"

Mtoto aligeuza kichwa, akaanza kulia njaa, na mke wa Abdinasir akanyoosha mikono kumchukua.